Chumvi Kwanza, Vidonge Baadaye: Kuhara Kunapomrudia Mwenye Poshi

Watu wawili wakinywa maji ya kijito kimoja kule Kabambare, mmoja ana utumbo mzima na mwingine ana poshi tumboni, yaani mfuko wa kupokea choo, hawataugua sawa. Wa kwanza ataharisha siku mbili tatu, kisha atarudi shambani. Wa pili anaweza kuanza kuharisha alfajiri na ifikapo jioni asiweze kusimama bila kushikwa mkono. Vijidudu ni vilevile. Kinachowatofautisha ni utumbo mpana, ambao kila siku hupokea kiasi cha lita moja na nusu ya majimaji kutoka utumbo mwembamba na kuyarudisha karibu yote mwilini pamoja na chumvi yake. Mtu ambaye utumbo wake mwembamba umetolewa nje ya tumbo hana tena msaada huo. Kila anachokosa kunyonya kinaishia kwenye mfuko.

Kwa hiyo shauri langu kwa ndugu wanaoishi na poshi Kasongo, Kabambare, Samba, Kunda, Lusangi na Salamabila, jimboni Maniema, linaanzia mahali ambapo wengi hawaanzii. Tumbo likichafuka, wengi wetu hukimbilia duka la dawa kununua vidonge. Mwenye poshi akimbilie chumvi na maji, tena kwa kipimo sahihi. Kijidudu kitatafutwa baadaye, mgonjwa akiwa bado na nguvu ya kutafutiwa.

Huku kwetu poshi haiji kwa sababu zile zinazosomwa zaidi katika vitabu vya Ulaya. Sababu moja kubwa ni homa ya matumbo, yaani taifodi, isiyotibiwa mapema. Kijidudu chake hujificha katika sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, na mara nyingi katika wiki ya tatu ya ugonjwa ukuta wa utumbo hutoboka. Daktari akifungua tumbo na kukuta usaha na choo vimetapakaa, mara nyingi njia salama ni kuutoa utumbo nje kwa muda. Wapo pia waliojisokota utumbo, waliopigwa risasi katika vita visivyokwisha vya makundi yenye silaha, akina mama walioumizwa katika uzazi au kwa ukatili wa kinyama, na watoto waliozaliwa bila tundu la haja kubwa. Hakuna hata mmoja kati yao anayestahili kuona aibu.

Jambo la kwanza la kujua ni aina ya stoma yako, yaani lile tundu la utumbo lililotolewa tumboni. Ileostomia hutoka kwenye utumbo mwembamba. Aghalabu iko upande wa kulia, imechomoza kidogo kama chuchu, na hutoa choo cha uji muda wote. Kolostomia hutoka kwenye utumbo mpana, mara nyingi upande wa kushoto, na choo chake huwa kizito zaidi. Ikiwa hujui, mwombe muuguzi aangalie karatasi ya upasuaji, na karatasi hiyo uitunze ndani ya plastiki pamoja na kadi ya kura. Mengi nitakayosema kuhusu chumvi yanamhusu hasa mwenye ileostomia. Mwenye kolostomia ya kushoto bado ana sehemu kubwa ya utumbo mpana inayofanya kazi, kwa hiyo anapoharisha hutibiwa karibu sawa na mtu mwingine yeyote.

Sasa tuje kwenye kipimo. Chukua chupa ya plastiki ya maji ya lita moja na nusu, ikate shingo, kisha uichore mistari kwa kalamu isiyofutika au msumari wa moto kwenye nusu lita, lita moja na lita moja na nusu. Hiki ndicho chombo chako cha kupimia choo, na kisitumike kwa kazi nyingine kamwe. Mwaga choo cha mfuko ndani yake, soma mstari, andika, kisha umwage chooni. Ileostomia iliyotulia hutoa kati ya nusu lita na karibu lita moja kwa siku nzima, usiku ukihesabiwa. Ukiona umevuka lita moja na nusu, hiyo ni hatari hata kama huna homa wala maumivu. Fanya hivi kwa siku chache ukiwa mzima ili ujue desturi ya mwili wako mwenyewe, maana mtu asiyejua kiwango chake cha kawaida hugundua amezidi pale macho yanapoanza kuona giza.

Kila lita ya majimaji inayotoka kwenye ileostomia huondoka na chumvi inayokaribia kijiko kimoja cha chai. Na hapa ndipo penye kosa linalowaangusha wengi kwa nia njema. Mgonjwa ana kiu, familia inamletea maji matupu, kikombe baada ya kikombe, au chai, au soda. Maji matupu yakifika kwenye utumbo mwembamba uliokatwa huvuta chumvi kutoka kwenye damu na kuiingiza utumboni, kisha maji na chumvi vyote vinatoka nje. Soda na juisi tamu nazo huvuta maji kwa wingi wa sukari yake. Mgonjwa anakunywa zaidi, poshi inajaa zaidi, kiu inazidi. Ndugu wanasema amelogwa au dawa imeshindwa, kumbe anakunywa kitu kisicho na chumvi.

Siku ya kuharisha, mwenye ileostomia apunguze maji matupu, chai na soda pamoja visizidi kiasi cha lita moja, na kiu iliyobaki aimalize kwa ORS, ile pakiti ya chumvi na sukari ambayo vituo vyetu vya afya huiita SRO. Pakiti moja huchanganywa na lita moja kamili ya maji safi. Lita kamili, narudia: chupa kubwa ya bia haifiki lita, na mchanganyiko ukiwa mkali kupita kiasi unadhuru, hasa kwa mtoto. Tumia chupa ya maji iliyoandikwa lita moja. Pakiti zikikosekana, changanya vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vimesawazishwa juu, ndani ya lita hiyo hiyo. Onja: yasiwe na chumvi nyingi kuliko machozi. Yanywe kidogo kidogo mchana kutwa, wala usiyabugie kwa mara moja. Kila unapomwaga mfuko uliojaa maji, ongeza kikombe kikubwa. Ukitapika, subiri dakika kumi, kisha endelea kwa kijiko. Mchanganyiko uliokaa saa 24 umwagwe.

Chakula nacho kisaidie. Supu ya makayabo, au ya ndagala kavu iliyotiwa chumvi, inaweza kumsaidia mgonjwa, na watu wa Kabambare wanaopata ndagala kutoka Tanganyika wanayo dawa hii jikoni. Wali laini, uji wa mchele, bugali ya muhogo na ndizi mbivu hufanya choo kiwe kizito zaidi, na ndizi hurudisha potasiamu inayopotea. Mwenye ugonjwa wa moyo, figo au shinikizo la damu amuulize muuguzi kabla ya kuongeza chumvi. Mtoto apewe pakiti ya SRO pamoja na zinki ya siku 10 hadi 14, na mama asiache kunyonyesha.

Ukiisha kushika chumvi na maji, ndipo uulize ni ugonjwa gani. Hapa nina neno zito, kwa sababu mazoea ya kwetu yanawaumiza wenye poshi kuliko watu wengine wote. Mtu akiwa na homa na tumbo linasumbua, kwanza apimwe malaria. Kipimo cha haraka kipo katika vituo vingi, na malaria peke yake inaweza kuleta kutapika na kuharisha. Kisha kuna kipimo cha Widal, ambacho maabara nyingi hukitumia kutangaza taifodi. Kipimo hiki hutazama kingamwili, na mtu aliyewahi kuugua taifodi, kama walivyo wengi waliotobolewa utumbo na ugonjwa huo, anaweza kuonekana anayo kwa muda mrefu baada ya kupona. Nimesikia wenye poshi wakisema wana taifodi sugu isiyoisha. Wengi wao wana karatasi za Widal mfululizo na hawajawahi kupimwa damu kwa kuoteshwa. Kuotesha damu ndicho kipimo cha kuaminika. Tangu 2007 taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, INRB ya Kinshasa, pamoja na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, zimekuwa zikifuatilia vijidudu vya damu nchini kwa njia hiyo, na kazi hiyo imeonyesha usugu wa dawa ukiongezeka, siprofloksasini ikiwamo. Haipatikani kila mahali, lakini ukifika hospitali kubwa, iulizie.

Choo cha kupima kitolewe kwenye mfuko mpya uliobandikwa muda huo huo, au moja kwa moja kwenye stoma. Choo kilicholala kwenye mfuko usiku kucha hakifai. Amiba huonekana vizuri ikiwa bado hai na inatembea, na hiyo ni ndani ya nusu saa hivi. Kwa hiyo nenda na poshi yako kituoni, utoe sampuli pale pale. Mwambie mpimaji kwamba choo cha ileostomia kwa kawaida ni chepesi na kina rangi ya kijani au njano, asije akakitangaza kuwa ugonjwa kwa kukitazama tu.

Kuna jambo jingine ambalo karibu hakuna anayewaeleza wagonjwa. Ikiwa mkundu wako haukufungwa, sehemu ya utumbo iliyobaki chini itaendelea kutoa kamasi nyeupe au ya njano, na pengine utahisi haja. Hiyo si amiba, ni utumbo uliokosa kazi ukitoa ute wake wa kawaida. Kaa chooni, utoe, basi. Watu wamemezeshwa metronidazoli kozi baada ya kozi kwa ajili ya kamasi hiyo. Damu au harufu mbaya isiyo ya kawaida ndiyo ya kumwonyesha daktari. Wala mtu asikubali kuingiziwa dawa ya miti kwa mpira, iwe nyuma au kwenye stoma. Utumbo ulioshonwa unaweza kupasuka, na upasuaji wa pili ni hatari kuliko ule wa kwanza.

Antibiotiki zina mahali pake: kipindupindu, kuhara damu na taifodi iliyothibitishwa zinazihitaji, kwa dozi kamili. Lakini kila kozi isiyo ya lazima huua vijidudu rafiki wa utumbo, na mwenye utumbo uliofupishwa huishia kuharisha kwa sababu ya dawa, kisha ananunua nyingine. Ukipewa vidonge, uliza kama vina ganda la kuchelewesha. Hivyo vinaweza kutoka vizima kwenye mfuko bila kufanya kazi, na ukiviona humo, rudi useme. Loperamidi hupunguza choo, na kwa ileostomia inayomwaga kupita kiasi daktari anaweza kuipanga, kidonge kikimezwa nusu saa kabla ya kula. Ila penye homa kali au damu isimezwe, kwa kuwa humfungia adui ndani.

Minyoo nayo tusiisahau. Mnyoo mkubwa wa askaris huweza kutoka kupitia stoma, na wakiwa wengi pamoja huziba njia. Dawa ya minyoo kila miezi sita ni ya bei ndogo, na watu wote wa nyumba waimeze siku moja.

Ugonjwa unaorudi baada ya wiki chache, mara nyingi umerudi kutoka nyumbani. Maji ya mwenye poshi yachemshwe hadi yatokote kwa dakika moja, yapoe humo humo, yahifadhiwe kwenye kidumu chenye mdomo mwembamba, na yamwagwe bila kuchota kwa kikombe. Vidonge vya klorini vinafaa pia: soma kwenye pakiti kimoja ni cha lita ngapi, kisha subiri nusu saa. Maji ya mto Lualaba au Luama yenye matope yachujwe kwanza kwa kitambaa kizito kilichokunjwa, kwani klorini huishia kwenye matope. Kuni zikipungua na jua likiwepo, chupa ya plastiki isiyo na rangi iliyojaa maji yasiyo na matope ikilazwa juani saa sita huua vijidudu vingi. Siku za mawingu, siku mbili.

Mchele ni fahari ya Maniema, nami sitamwambia mtu wa Kasongo aache wali. Ila wali uliolala usile. Kuna kijidudu kinachostahimili kupikwa, na wali ukikaa nje usiku hutengeneza sumu isiyokufa hata ukiupasha moto hadi uungue. Pika wa kutosha mlo mmoja. Sombe nayo itwangwe hadi ilainike kabisa na ichemshwe muda mrefu. Nyuzi zake, pamoja na uyoga, muwa na mahindi ya kuchoma, zinaweza kukwama kwenye stoma. Dalili ya kukwama ni tumbo kubana kwa mawimbi, choo cha majimaji tu kikitoka kwa kishindo au kisitoke kabisa, na kutapika. Watu huidhani kuhara. Hapo usile, wala usimeze dawa ya kufunga choo.

Mikono: kabla ya kugusa stoma na baada yake, sabuni, au majivu sabuni ikikosekana. Choo cha mfuko kimwagwe ndani ya shimo la choo, kisimwagwe kichakani wala mtoni, maana mwenye taifodi anaweza kuendelea kutoa kijidudu baada ya kupona. Apatikane mtu mmoja wa nyumba anayejifunza kusaidia, naye anawe vilevile. Vitambaa vifuliwe kwa sabuni, vichemshwe, vianikwe juani.

Ngozi huteseka zaidi siku za kuharisha, kwa kuwa choo cha utumbo mwembamba kina vimeng'enya vinavyoila. Poshi za kiwandani ni adimu na ghali, na wengi hufunga mfuko wa plastiki kwa mkanda wa kitambaa. Iwe yoyote ile, tundu likatwe lilingane na stoma, pengo lisizidi milimita mbili au tatu. Osha kwa maji tu, kausha kwa kugusagusa. Usitumie spiriti, javel wala majani. Mafuta ya zinki yanafaa kwa anayefunga kitambaa. Mwenye poshi ya gundi asiyapake, haitashika. Mfuko umwagwe ukifika theluthi moja, kabla uzito haujaung'oa.

Kipindupindu nakiweka peke yake. Eneo lote la Lualaba na njia za kwenda Tanganyika limekijua, na kwa mwenye ileostomia kinaua ndani ya saa chache. Mfuko ukijaa maji meupe kama ya kuoshea mchele, tena na tena, na miguu ikikaza misuli, usisubiri asubuhi. Toka huku unakunywa SRO njiani.

Dalili nyingine za kuondoka mara moja ni hizi: kutokojoa kwa saa sita au mkojo kuwa mweusi kama chai; kizunguzungu ukisimama; damu; homa isiyoshuka; kutapika kila kinachoingia; choo kusimama kwa saa kadhaa tumbo likiuma; stoma kubadilika kuwa ya zambarau au nyeusi badala ya nyekundu. Kabla dalili hizi hazijatokea, anayeishi mjini Kasongo anaweza kungoja kidogo aone, kwa sababu hospitali iko karibu. Anayeishi Kabambare, zaidi ya kilomita 100 kutoka Kasongo, barabara ikiwa utelezi na usalama haujulikani baada ya jua kuzama, hana nafasi hiyo. Kadiri unavyoishi mbali, ndivyo unavyopaswa kuondoka mapema. Weka nyumbani pakiti kumi za SRO, namba ya mwenye pikipiki unayemwamini, na akiba ya nauli isiyoguswa kwa jambo lingine.

Anzia kituo cha afya. Kasongo ilijulikana duniani katika miaka ya 1970 na 1980 kwa mradi wa afya uliofanywa pamoja na wataalamu wa Antwerp, na utafiti uliochapishwa 1988 ulionyesha jinsi mtandao wa vituo vya karibu ulivyobadilisha idadi na aina ya wagonjwa wanaofika hospitali. Muuguzi wa kituo anaweza kukupa SRO, kukuwekea dripu ya Ringer lactate, kupima malaria na kuandika barua ya rufaa. Mpelekee daftari lako la vipimo vya choo. Mgonjwa anayesema "jana lita mbili, leo mbili na nusu, sijakojoa tangu usiku" hutibiwa haraka kuliko anayesema tumbo linasumbua.

Neno la mwisho ni kwa wale walioambiwa poshi ni ya muda. Stoma nyingi zilizowekwa kwa sababu ya taifodi, risasi au kujisokota zinaweza kufungwa baada ya miezi miwili au mitatu, mwili ukiwa umepata nguvu. Wengi Maniema hukaa nazo miaka kwa sababu hakuna aliyewapa tarehe, au fedha zilikwisha, au waliona haya kuuliza. Ukirudi hospitali kwa kuhara, usiondoke kabla hujauliza: yangu inaweza kufungwa, lini, na nani? Daktari akisema inawezekana, omba iandikwe kwenye karatasi, umwonyeshe mganga mkuu wa zoni ya afya, kisha urudi siku ambazo wataalamu wa upasuaji wanafika Kasongo au Kindu.